Nani Aliyeigawa Miaka ya Majirani?

Zaburi ya 90 husomwa mara nyingi tunapozika. Wengi wetu tunaikumbuka kwa hesabu yake: umri wa mwanadamu hufika miaka 70, na aliyejaliwa nguvu hufika 80. Mzee aliyetimiza hesabu hiyo tunamzika kwa shukrani. Tunaimba, tunasimulia aliyoyatenda, wajukuu na vitukuu wanahesabiwa mbele ya watu, na hakuna anayeuliza kwa nini amekufa. Lakini Zaburi hiyohiyo husomwa pia mbele ya jeneza dogo la mtoto wa miezi 8, na mbele ya jeneza la mama aliyefariki akijifungua. Hapo kila mtu anajua kwamba hesabu haikutimia, na aghalabu tunajibu kwa maneno tuliyoyazoea: ni mapenzi ya Mungu.

Katika insha hii tunataka kuyauliza maneno hayo swali moja. Hatuulizi kwa nini watu hufa, maana hilo tumelijua tangu Mwanzo. Tunauliza hivi: mitaa miwili inapopakana, watu wake wakinyeshewa na mvua moja na kumwomba Mungu mmoja, kisha watu wa mtaa mmoja wakaishi miaka mingi kuliko wenzao wa ng'ambo ya barabara, ile miaka iliyopungua imekwenda wapi? Je, ni Mungu aliyeigawa hivyo? Na kama siye, sisi tunaomwamini tunahusika vipi?

Hesabu inavyosema

Wataalamu wa afya hutumia kipimo kiitwacho matarajio ya kuishi, yaani wastani wa miaka ambayo mtoto anayezaliwa leo mahali fulani angeishi kama hali ya vifo mahali hapo isingebadilika. Yafaa tukielewe kipimo hiki kabla ya kukitumia. Mahali ambapo matarajio ya kuishi ni miaka 56 si mahali ambapo watu wote hufa wakiwa na miaka 56. Tuchukue watoto 10. Ikiwa 2 watakufa wachanga, na 8 waliobaki wafike miaka 70 kila mmoja, wastani wa wote 10 ni miaka 56. Kwa hiyo mtaa waweza kuwa na wazee wanaotembea kwa mikongojo na bado ukawa mtaa wa maisha mafupi. Wazee tunawaona barabarani. Watoto waliotangulia hatuwaoni, nao ndio wanaoishusha hesabu.

Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na daktari Michael Marmot ilitoa ripoti iliyowashtua wengi. Katika mfano mmoja ilitaja jiji la Glasgow, Uskoti. Mtoto wa kiume aliyezaliwa mtaa wa Calton alitarajiwa kuishi miaka 54. Aliyezaliwa Lenzie, kilomita 13 tu kutoka hapo, alitarajiwa kuishi miaka 82. Miaka 28 ilikuwa imepotea katika mwendo ambao mtu mwenye afya anaweza kuutembea kwa asubuhi moja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walitoa hesabu kama hiyo kuhusu Chicago, Marekani: mtaa wa Streeterville miaka 90, mtaa wa Englewood miaka 60, jiji hilohilo moja.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Kibera inapakana na uwanja wa gofu na mitaa yenye bustani. Mathare na Muthaiga zimetenganishwa na barabara ya Thika. Mwaka 2002 kituo cha utafiti cha APHRC kilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi mwaka 2000. Kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika mitaa hiyo, 151 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa Nairobi yote kwa jumla, idadi hiyo ilikuwa 62. Hata vijijini, ambako wengi wetu tulidhani ndiko kwenye shida kubwa, ilikuwa 113. Mama aliyetoka kijijini akaja mjini kutafuta maisha alikuwa, pasipo kujua, amemleta mwanawe karibu zaidi na kaburi, ingawa hospitali kubwa kuliko zote nchini alikuwa anaziona kwa macho.

Nyumba mbili, ukuta mmoja

Kuna kisa cha zamani kinachotusaidia kulifikiri jambo hili vizuri. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia London. Sehemu ya kusini ya jiji ilikuwa ikihudumiwa na kampuni mbili za maji, na mabomba yao yalipita katika mitaa ileile. Nyumba hii ilipata maji ya kampuni moja, na ya jirani ilipata ya kampuni nyingine. Matajiri walikuwamo pande zote mbili, maskini vilevile. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuteka maji mwaka 1852, ikapanda juu ya mto Thames kabla haujaingiwa na uchafu wa jiji. Kampuni ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuteka palepale uchafu ulipomwagwa. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akihesabu vifo. Katika majuma 7 ya kwanza aligundua kwamba kwa kila nyumba 10,000 za Southwark na Vauxhall walikufa watu 315. Kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth walikufa 37.

Tutulie hapa kidogo. Majirani hawa waliishi chini ya paa zilizogusana. Walisikiliza kengele za kanisa moja. Kama tungemwuliza mchungaji wao kwa nini nyumba hii imezika watatu na ile haikuzika hata mmoja, pengine angesema ni siri ya Mungu. Lakini haikuwa siri. Lilikuwa bomba. Kulikuwa na watu walioamua mahali pa kuteka maji, na watu wengine walioamua kwamba gharama ya kuhamisha bomba ni kubwa mno.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kanisa halikukosekana katika kisa hicho. Mwaka huohuo, katika mtaa wa Soho, kasisi kijana Henry Whitehead wa kanisa la Mtakatifu Luka aliwazika waumini wake wengi. Aliposikia kwamba Snow analilaumu bomba la maji la barabara ya Broad Street, hakukubali. Akaamua kuchunguza ili aonyeshe kosa la daktari. Kwa kuwa aliwajua watu wake kwa majina, aliingia ndani ya nyumba ambazo daktari asingekaribishwa, akarudi mara kwa mara akiuliza nani alikunywa nini na lini. Mwishowe ni yeye aliyethibitisha kwamba Snow alisema kweli, na ni yeye aliyempata mtoto mchanga ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo lililovujia kisima kile. Uchungaji wa kutembelea nyumba, ambao pengine tunauona ni kazi ndogo, ndio uliofumbua fumbo.

"Siku zake zilihesabiwa"

Wapo watakaosema: Ayubu anatufundisha kwamba siku za mwanadamu zimewekewa mpaka na Mungu. Ikiwa mpaka umewekwa, bomba lina nguvu gani? Hili ni pingamizi la watu wenye imani, nasi hatutaki kulidharau. Tunaamini kwamba Mungu anazijua siku zetu, na kwamba hakuna mtoto anayekufa bila Yeye kujua.

Lakini kujua si sawa na kupenda, na kuruhusu si sawa na kuagiza. Tukumbuke safari ya Paulo katika Matendo 27. Malaika alikuwa amemwahidi kwamba watu wote 276 waliokuwa chomboni wataokoka. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Hata hivyo mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo alimwonya akida kwamba watu hao wasipobaki chomboni, wengine hawataweza kuokoka. Hakusema Mungu ameahidi, basi tukae tusubiri. Alijua kwamba Mungu anayeweka mwisho wa safari ndiye pia anayeweka njia za kuufikia, na njia hizo zimo mikononi mwa watu: mabaharia wakae kwenye usukani, askari wakate kamba.

Tena kuna ushahidi wa karibu. Mwaka 2003 takwimu za kitaifa za Kenya zilionyesha kwamba katika mkoa wa Nyanza watoto 206 kati ya 1,000 walikufa kabla ya miaka 5. Mkoa wa Kati walikuwa 54. Kufikia takwimu za mwaka 2014, Nyanza ilikuwa imeshuka hadi 82, na eneo la Kati 42. Je, Mungu alibadili mapenzi yake juu ya watoto wa Nyanza katika miaka 11? La. Kilichobadilika kinajulikana. Vyandarua vilivyotiwa dawa viligawiwa kwa wingi, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zikawa bila malipo katika vituo vya serikali, na akina mama wengi zaidi wakapimwa na kutibiwa wangali wajawazito. Hata katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, uchunguzi uliorudiwa mwaka 2012 uliona kwamba vifo vya watoto vimeshuka hadi karibu 80 kwa kila 1,000. Tulichokuwa tukikiita mapenzi ya Mungu kilikuwa kinangoja chandarua. Jina la Mungu lisitumike kufunika kazi ambayo hatujaifanya.

"Ni tabia zao"

Pingamizi la pili halina imani sana ndani yake, ingawa tunalisikia hata baada ya ibada. Linasema: watu wa mitaa ile wanajiletea wenyewe. Wanakunywa chang'aa, hawanawi mikono, wanazaa bila mpango.

Kuna ukweli kidogo humu. Pombe inaua, na kunawa mikono kunaokoa. Huko Calton kwenyewe, pombe na dawa za kulevya ni sehemu ya sababu za vifo vya mapema. Lakini hoja hii haiwezi kubeba mzigo tunaoutwika. Kwanza, hesabu tuliyotaja ya mitaa ya mabanda ni ya watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa miezi 8 hana tabia ya kulaumiwa. Pili, hoja hii inasahau kuuliza tabia zinatoka wapi. Ili unawe mikono unahitaji maji, na ripoti ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba mkazi wa Kibera hulipa mara 5 hadi 10 zaidi kwa lita ile ile moja kuliko mkazi wa mtaa wa kifahari wa jiji hilohilo. Anayenunua maji kwa mtungi anayapima: ya kupikia kwanza, ya kunywa, ya mtoto, kisha ya mikono kama yamebaki. Mwenye bomba ndani ya nyumba ananyunyizia majani yake, halafu anashangaa kwa nini jirani ni mchafu.

Mfano wa tatu ni mchungu zaidi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu papa hapa Nairobi, lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la taka la Dandora. Uchunguzi huo ulifanywa kwa ushirikiano na kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane la Korogocho. Nusu ya watoto hao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa kuwa cha hatari. Taka zile hazikuzalishwa na wao. Ni taka za jiji zima: maganda ya vyakula ambavyo hawakula, betri za redio ambazo hawakuzisikiliza. Sisi tulitoa ndoo nje ya lango, gari likapita, nasi tukasahau. Kilichotoka kwetu kimeingia katika damu ya mtoto wa jirani.

Bwana wetu alilijibu pingamizi hili mapema. Katika Luka 13 alikumbusha juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hakuwaruhusu waliopona kuyageuza mauti ya wenzao kuwa cheti cha wema wao. Aliwarudishia swali: na ninyi je?

"Maisha mafupi nayo yaweza kuwa mema"

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na ni la Kikristo kweli. Linasema kwamba urefu wa maisha si kipimo cha wema wake. Methusela aliishi miaka 969 na Biblia haitaji hata tendo moja kubwa alilolitenda. Bwana Yesu alikufa kijana. Stefano alikufa kijana. Je, sisi tunaotazamia uzima wa milele tuwe watu wa kuhesabu miaka kama wafanyabiashara wanavyohesabu shilingi?

Tunakubali kwamba miaka mingi si wokovu. Mtu aweza kuishi miaka 90 bila kumpenda yeyote. Lakini tuitazame Injili inavyotenda. Yairo alipomjia Yesu kwa ajili ya binti yake wa miaka 12, Yesu hakumwambia kwamba miaka 12 inatosha kwa mtoto anayekwenda mbinguni. Alimshika mkono akamwinua, akaagiza apewe chakula. Kule Naini alilisimamisha jeneza la kijana na kumrudishia mama yake mjane. Kama maisha mafupi yangekuwa hayana hasara, miujiza hiyo isingekuwa na maana.

Na kuhusu kifo chake mwenyewe, Yesu alisema wazi katika Yohana 10 kwamba hakuna aliyemnyang'anya uhai wake. Aliutoa kwa hiari. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kuna maisha mafupi yaliyotolewa, na kuna maisha mafupi yaliyoibwa. Shahidi anayatoa yake. Mtoto anayekufa kwa kuhara kwa sababu bomba la majitaka limepasukia kwenye bomba la maji hakutoa chochote. Ameporwa. Kuutumia msalaba kuhalalisha uporaji huo ni kuugeuza msalaba kuwa upande wa Pilato.

Wala tusijifiche nyuma ya lile neno kwamba maskini tunao siku zote. Yesu alikuwa anagusa Kumbukumbu la Torati 15, na sura hiyo inatumia ukweli huo kama sababu ya kumfungulia maskini mkono. Haiutumii kama sababu ya kuufumba.

Kupima umbali

Tukifika hapa, wengi wetu watauliza kwa haki: sawa, haya si mapenzi ya Mungu. Lakini pia si mimi niliyefanya. Sikuchora ramani ya Nairobi. Ni kweli. Jiji hili lilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na mwaka 1913 mtaalamu wa afya aliyeletwa na serikali ya kikoloni, Profesa Simpson, alipendekeza makazi yagawanywe kwa rangi za watu, akisema ni kwa ajili ya afya. Afya ya nani, ramani ilijibu yenyewe: huku mifereji na miti, kule msongamano na tope. Rangi iliondoka katika sheria, pesa ikachukua nafasi yake, lakini mistari mingi ya ramani imebaki. Sisi tumeikuta.

Basi tusome Kumbukumbu la Torati 21. Mtu anaokotwa shambani ameuawa, na aliyemwua hajulikani. Sheria haisemi kwamba kwa kuwa mwuaji hajulikani, mambo yamekwisha. Inawaagiza wazee na waamuzi watoke nje na kupima umbali kutoka kwa maiti hadi miji iliyo kandokando. Mji ulio karibu zaidi ndio unaobeba jambo hilo. Wazee wake wanatwaa ndama, wanashuka hadi bonde lenye maji yasiyokauka, wananawa mikono, wanakiri mbele za Mungu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile wala macho yao hayakuona, na wanaomba ardhi iondolewe damu isiyo na hatia.

Sheria hii inatufundisha tofauti ambayo tunaihitaji sana, tofauti kati ya hatia na wajibu. Wazee wale hawakuwa na hatia, wala hakuna aliyewashitaki. Lakini walikuwa na wajibu, na wajibu huo ulitokana na jambo moja tu: ukaribu. Ujirani wenyewe ulitosha. Ndiyo maana tajiri wa Luka 16 hakushitakiwa kwamba alimpiga Lazaro. Tatizo lake lilikuwa lango. Lazaro alilala pale, na umbali kutoka langoni hadi mezani ungeweza kupimwa kwa hatua.

Sisi nasi tupime. Mlinzi anayekesha ili tulale anatoka wapi jioni? Dada anayewapikia watoto wetu anarudi kulala wapi, na mtoto wake mwenyewe anakunywa maji gani? Kila alfajiri maelfu ya watu wanautembea umbali huo kwa miguu, kutoka mtaa wa maisha mafupi hadi mtaa wa maisha marefu, na kila jioni wanarudi.

Kisha tuangalie yale maneno ya wazee walipokuwa wananawa. Waliweza kusema macho yao hayakuona, na ilikuwa kweli. Pilato alinawa mikono pia, lakini yeye aliona. Maji yalikuwa yaleyale. Aliyenawa ndiye aliyekuwa tofauti. Sisi tumeshaambiwa 151 na 62. Tumeshaona barabara inayotenganisha. Kwa hiyo ile nusu ya pili ya kiapo hatuwezi tena kuitamka, na kilichobaki kwetu ni kufanya jambo.

Kuna wengine kati yetu ambao umbali wao ni mfupi zaidi. Makanisani mwetu wamo wenye nyumba za kupangisha katika mitaa ile ile. Vyumba 20, choo kimoja, au hakuna. Kodi inachukuliwa kila mwezi na mtu anayetumwa. Kisha Jumapili fungu la kumi la kodi hiyo linawekwa kwenye bahasha. Tunasema hili kwa upole, lakini tunalisema: choo ni sehemu ya fungu la kumi. Kanisa linalopokea bahasha bila kuuliza kuhusu choo linashiriki.

Tufanye nini

Hatupendekezi mambo makubwa yasiyowezekana. Na tusidhani kwamba zahanati peke yake itamaliza kazi. Uskoti imekuwa na matibabu ya bure tangu 1948, na bado Calton ilikuwa Calton, kwa sababu kazi, nyumba na matumaini vilikuwa vimeondoka. Maji, choo, kazi, nyumba na amani ndizo dawa za kwanza; hospitali huja baadaye.

Pa kuanzia papo katika ofisi ya parokia. Kanisa huandika ubatizo na mazishi. Mwaka 1662 Mwingereza John Graunt, mfanyabiashara wa nguo, alizichukua orodha za vifo zilizoandikwa na makarani wa parokia za London akazijumlisha, akakadiria kwamba kati ya watoto 100, 36 hufa kabla ya miaka 6. Sayansi yote ya kuhesabu maisha ilianzia katika vitabu vya kanisa. Basi tufungue vyetu. Tuandike kwa miaka 10 iliyopita: nani tulimzika, alikuwa na miaka mingapi, aliishi mtaa gani. Kisha tusome matokeo mbele ya kusanyiko, kwa utulivu, kama tunavyosoma hesabu za fedha.

Pili, tuitazame michango yetu. Mtu akifa tunachanga upesi, na ni vyema. Turubai, viti, jeneza na chakula hupatikana kwa siku 3. Mchango uleule ukija mapema ungeweza kulipia bima ya afya ya familia isiyo na kipato, tangi la maji kwenye jumuiya, au nauli ya usiku ya mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kila kanisa lina kamati ya mazishi. Kamati hiyo ipewe pia kazi kabla ya mazishi.

Tatu, tuseme. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, ya maji safi ya kutosha na ya usafi wa mazingira. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti zinatakiwa kusikiliza wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Vikao hivyo mara nyingi huwa na viti vitupu. Waumini wa mtaa wa bustani wakienda pamoja na waumini wa mtaa wa mabanda, wakaketi benchi moja na kuombea bomba moja la majitaka, diwani atajua kwamba jambo limebadilika.

Haya yatatugharimu. Huenda kodi ya nyumba zetu ikapungua, au jaa la taka likahitaji kusogea karibu na sisi. Lakini nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipotaka kuwaonyesha watu wa Yerusalemu jinsi mji utakavyokuwa Mungu akikaa ndani yake, hakuanza na dhahabu. Alionyesha wazee wa kiume na wa kike wamekaa njiani, kila mmoja na mkongojo wake kwa sababu ya uzee, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia zizo hizo. Ni picha ya kawaida kabisa, na mitaani mwetu kuna sehemu inaonekana kila jioni. Nabii hakusema mtaa gani wa Yerusalemu, kwa sababu ahadi ilikuwa ya mji wote.